Matone, Waya na Washauri: Mchango Mdogo katika Elimu ya Gari la Wazi

Wanazuoni wa magari ya kale wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inashikilia kwamba gari la kale ni chombo cha usafiri. Kambi ya pili imewahi kulimiliki. Makala haya yanatoka kambi ya pili, na yanahusu spishi moja tu: MGB ya wazi, gari la viti viwili lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Ukijumlisha na ndugu zake wenye paa la chuma, yaliundwa zaidi ya 500,000, kwa hiyo hakuna awezaye kudai kwamba ni adimu. Wauzaji hudai hivyo hivyo.

Sampuli ni moja: gari la miaka ya mwanzo, lililonunuliwa Nairobi baada ya kuishi muda mrefu Mombasa. Mhakiki atauliza kama sampuli moja inatosha kujengea nadharia. Inatosha, kwa sababu gari lenyewe ni magari kadhaa yaliyofungwa pamoja. Logbook inasema ni jekundu. Chini ya zulia ni kijani. Ndani ya buti, pembeni kule ambako bunduki ya rangi haikufika, ni krimu. Jumba la makumbusho ya magari ya Kiingereza lililoko Gaydon huhifadhi kumbukumbu za kiwanda, na kwa malipo hutoa cheti kinachotaja rangi ya awali na tarehe gari lilipoundwa. Mtafiti ameahirisha kuagiza cheti hicho kwa sababu za kimbinu: anaogopa jibu.

Nadharia tete ni hii. Anayenunua gari la kale hununua gari moja pamoja na mawazo ya wote waliolimiliki kabla yake. Kazi anayoiita kuboresha, kwa sehemu kubwa, ni kufukua.

Tuanze na ngeli ya vinyevu, ambayo ndiyo mlango wa fani hii. Kifaa cha utafiti ni kadibodi iliyokunjuliwa na kulazwa chini ya gari usiku. Asubuhi mtafiti huamkia ramani. Tone jeusi na zito, katikati, pale injini inapokutana na giaboksi, ni oili ya injini. Kila mwenye gari la aina hii analo, na wakongwe hulizungumzia kwa sauti ya upole, kama mtu anayemtaja binamu asiye na kazi. Tone la kahawia chini ya radieta ni kutu: waliotangulia walijaza maji ya bomba miaka nenda rudi, na maji hayo yamekuwa yakila chuma kutoka ndani. Hili si tone la kusamehe, lakini linaweza kusubiri wiki moja.

Tone la tatu halisubiri, na wala halionekani kwenye kadibodi. Lipo ndani ya gari. Ingiza mkono gizani, juu ya pedali ya klachi, ushike chuma kinachoisukuma. Vidole vikitoka vimelowa kitu chepesi, chenye utelezi, na rangi ya pedali imechubuka na kuwa kama ngozi ya nyoka aliyejivua, hayo ni mafuta yaleyale yanayotumika kwenye breki, na raba iliyoyazuia imechoka. Hapa uanazuoni unawekwa kando. Raba ya klachi ikichoka, raba za breki ni umri wake. Mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu nayo ni umri wake. Zote hubadilishwa kabla gari halijatoka getini, hata kama muuzaji alikuonyesha kwamba linasimama. Lilisimama uani kwake, mahali tambarare, likitembea mwendo wa mtu.

Kisha kuna tone litokalo juu. MGB za mwanzo nyingi zilikuwa na paa la turubai ambalo halikunjwi tu: fito zake hukaa mbali na turubai lenyewe, na dereva huzichomeka moja moja, hutandika turubai, kisha hufunga vifungo kuzunguka gari zima. Utaratibu huo umeelezwa vizuri kwenye kitabu cha gari. Masika ya Nairobi hayamsubiri mtu asome. Lakini maji yanayomwagika juu si hasara ya mavazi tu. Gari lisilo na paa la chuma halina kitu cha kulishikilia kwa juu, kwa hiyo uti wake ni zile kingo nene zinazopita chini ya milango. Maji hutulia hapo, na kama gari limekaa pwani, chumvi imekwisha kufanya kazi yake. Kipimo ni rahisi na hakihitaji maabara: inua gari kwa jeki, kisha fungua na kufunga mlango. Mlango ukikataa, au pengo kati yake na mwili wa gari likabana upande wa juu, gari limeanza kukunjika katikati. Sampuli yetu ilifaulu, kwa alama ambazo mwalimu mkali angezipitia upya.

Ngeli ya milio tutaipita upesi, kwa kuwa fasihi yake ni kubwa na nyingi ni ya kubuni. Mlio mmoja tu una thamani ya kisayansi: pampu ya petroli, iliyoko nyuma, ambayo hugongagonga ufunguo unapowashwa. Ikigonga haraka, ikapungua na kunyamaza, kabureta zimejaa na dunia iko sawa. Ikiendelea kugonga bila kuchoka, ama tanki ni tupu au petroli inakwenda mahali isipotakiwa, na mtafiti anashauriwa kuzima sigara ya jirani.

Sasa tufike kwenye waya, ambako ndiko kiini cha tasnifu hii kilipo.

Watengenezaji wa Uingereza wa zama zile walikuwa na sarufi ya rangi, na sarufi hiyo ni nzuri kweli. Waya wa kahawia unatoka kwenye betri moja kwa moja. Mweupe umepita kwenye swichi ya ufunguo. Wa kijani ni umeme uleule wa mweupe ukishapita kwenye fyuzi. Wa zambarau una fyuzi lakini haungoji ufunguo, na ndio unaolisha honi. Buluu ni taa kubwa, mwekundu ni taa ndogo, mweusi ni ethi. Waya wenye mstari wa rangi ya pili ni tawi: buluu wenye mstari mweupe ni mwanga mkali, buluu wenye mstari mwekundu ni mwanga wa kuinamisha. Mtu akiielewa sarufi hii anaweza kusoma gari lolote la Kiingereza la wakati huo kama msomaji wa gazeti.

Tatizo ni kwamba juu ya andiko hili la awali wameandika wengine. Uchunguzi chini ya dashibodi, mtafiti akiwa amelala chali, kichwa kwenye pedali na miguu ikining'inia nje ya mlango, umebaini matabaka manne.

Tabaka la chini kabisa ni la Kiwanda. Rangi ni sahihi, viungio ni vya chuma vilivyochomekwa ndani ya vimpira. Juu yake lipo la Redio. Ieleweke kwamba hadi mwaka 1967 gari hili lilifungwa ethi upande wa chanya, kinyume cha karibu redio zote zilizouzwa baadaye, na waliounganisha bila kusoma walipata moshi kabla ya muziki. Sampuli yetu ilikwisha kugeuzwa kuwa hasi, na aliyeigeuza aliandika hivyo kwa rangi nyeupe chini ya boneti. Huyo ndiye mwandishi pekee katika historia yote ya gari hili. Tunamheshimu, ingawa mwandiko wake ni mbaya.

Tabaka la tatu ni la Alamu. Wakati fulani mmiliki mmoja aliogopa wezi, akafunga swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu ya petroli. Siri ilitunzwa kiasi kwamba hata muuzaji hakuijua. Ilikuwa chini ya kiti cha abiria. Gari likawa na tabia ambayo mafundi walishindwa kuieleza: dereva akiwa peke yake, linakwenda kama saa, akipakia mtu mwenye mwili, linazimika baada ya umbali mfupi. Nadharia kadhaa zilitolewa, zikiwemo za uzito, za joto, na moja iliyohusu tabia ya abiria mwenyewe. Swichi iligunduliwa kwa bahati, sarafu ilipoanguka chini ya kiti.

Tabaka la juu ni la Waya Mwekundu. Fundi wa tabaka hili alikuwa na roli moja ya waya, akaimaliza. Mwekundu ni honi, mwekundu ni feni, mwekundu ni taa za breki na, pale alipochoka, mwekundu ni ethi. Viungo vyake vilisokotwa kwa vidole na kuzungushiwa gundi ya plasta ambayo kwa joto imeyeyuka na kuwa asali.

Kwa tabaka hili mbinu ni moja. Toa kichwa cha betri. Chukua taa ya kupimia, daftari na utepe wa karatasi. Fuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho, uandike, ubandike jina, ndipo ukate. Anayekata kwanza na kuuliza baadaye anaanzisha tabaka la tano.

Ushahidi kama huu upo hata kwenye nati. MGB imefungwa kwa vipimo vya inchi. Spana namba 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, kwa kuwa nusu inchi ni milimita 12.7, na ile nafasi ndogo iliyobaki ndiyo inayokula kona. Fundi wa kwanza huifungua. Wa pili hutumia nguvu. Wa tatu huleta patasi na nyundo. Seti ya spana za inchi ndiyo boresho la kwanza ambalo gari hili linahitaji, na haifungwi kwenye gari.

Turudi kwa viumbe hai. Gari la wazi likiegeshwa huvuta washauri, nao ni jamii tatu kuu. Mwanahistoria husema baba yake alikuwa nalo hilihili. Ukimdadisi inakuwa Peugeot 404. Mwanauchumi hupiga hesabu palepale na kukujulisha ni Probox ngapi ungenunua. Wa tatu, Mkombozi, ndiye wa kuogopwa, kwa sababu ana ujuzi na ana vifaa.

"Mzee, hii injini tuitoe, tuweke ya Toyota. Itawaka ukiiangalia tu."

"Na giaboksi?"

"Tutakata kidogo hapa katikati."

Hilo "kidogo" ndilo mtafiti anapendekeza liingizwe kwenye kamusi za majanga. Injini ya Toyota ni nzuri, hakuna ubishi, na Mkombozi ataifunga kwa ustadi. Lakini chuma kikishakatwa hakirudi, na mmiliki ajaye atalala chali kichwa kwenye pedali akijiuliza ni nani aliyefanya hivi. Kwa hiyo tunatoa fasili: boresho ni badiliko ambalo mtu mwingine anaweza kulifungua kwa spana, bila msumeno na bila matusi. Mengine yote ni matabaka.

Kwa fasili hiyo, orodha ya maboresho halali ni fupi. Matairi, kwanza: soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, na usidanganywe na kashata zilizosimama vizuri kwenye raba yenye umri wa kwenda sekondari. Grisi: kila upande wa mbele una nipo tatu, na gari hili limekula vyuma vyake kwa sababu ya watu waliodhani lina moja. Rilei za taa kubwa zinastahili pongezi, kwa kuwa katika mpango wa awali umeme wote wa taa hizo hupita kwenye swichi ya dashibodi bila fyuzi yoyote. Rilei na fyuzi zake hufungwa pembeni na huondolewa kwa dakika chache.

Lakini boresho kubwa kuliko yote halinunuliwi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ya Mombasa. Kabureta mbili za gari hili zilikuwa zimepimwa kwa hewa ya pwani. Huku juu zilimimina petroli kwa ukarimu wa Kipwani, injini ikatoa moshi mweusi na kukohoa, na Wakombozi wakapiga hodi. Dawa ni mpira mwembamba wa maji wenye urefu wa mkono. Weka ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, usikilize mfyonzo wa hewa. Hamia ya pili. Rekebisha mpaka zote mbili zinong'one sawa. Kisha pandisha nati iliyo chini ya kila kabureta, pembe moja kwa wakati, na uinue pistoni kidogo kwa kidole. Injini ikikimbia na kubaki juu, petroli bado nyingi. Ikitaka kufa, umezidisha kubana. Ikipanda kidogo ikarudi, acha, osha mikono.

Kuna wanaoboresha kwa ajili ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambako waamuzi huchungulia hadi chini ya gari. Mtafiti hana neno nao. Sampuli yake bado ina kadibodi.

Tamko la mwisho linamhusu mmoja tu kati ya wasomaji. Wewe uliyekuwa na MGB nyekundu Mombasa, ukafunga waya wa njano unaotoka nyuma ya saa ya mwendo na kupotelea ndani ya mlango wa kushoto: tuandikie unafanya nini. Na kama ufunguo wa buti bado uko kwako, tafadhali uutume.