Dakika Saba za Upande wa Pili

Mwaka 1987 nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ilinuniana na nyumba ya shangazi iliyoko Muscat. Chanzo nilikuwa mimi, mtoto wa miaka 13 niliyeona vibaya kuacha kanda ikiwa na nafasi tupu.

Kila baada ya miezi miwili mama alimpelekea wifi yake kanda ya nyimbo. Shangazi alikuwa ameolewa Oman, walikohamia watu wengi wenye asili ya pwani na visiwani baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Nguo alikuwa nazo, na dhahabu alikuwa nayo. Alichokikosa ni taarabu ya kwao Tanga, ile yenye magitaa ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, na sauti ya mwimbaji Shakila aliyokua akiisikia dirishani. Siku zile huku bara hapakuwa na televisheni na redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Ukiupenda wimbo, uliurekodi redioni huku nyumba nzima imeambiwa inyamaze, au ulimwendea mwenye nao akakunakilia.

Sisi tulinakili wenyewe, maana tulikuwa na redio kaseti ya deki mbili. Shangazi ndiye aliyetuletea, ikafika mkononi mwa msafiri, imefungwa ndani ya mablanketi. Mama alichagua nyimbo na kuzipanga ipi itangulie ipi ifuate, kama mtu anayepanga maneno ya barua. Mimi nilikuwa wa vitufe: nasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, nakaza ukanda kwa kalamu ya Bic, naandika majina kwa mwandiko mdogo, na mwisho navunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kanda ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Kanda yetu ilikuwa ya dakika 60, nusu saa kila upande. Siku hiyo upande wa pili ulikuwa na nyimbo tatu, dakika 23. Zilibaki saba, na mama alikuwa kwenye shughuli ya jirani. Kaka yangu naye alikuwa na rafiki wa kalamu Mombasa, kijana wasiyewahi kuonana naye, ambaye anwani yake kaka aliipata gazetini. Kaka alimpelekea dansi la bendi za Mlimani Park na Maquis. Yule alirudisha taarabu za kwao, kanda zisizo na majina ya nyimbo wala ya waimbaji. Nikachomoa mojawapo, nikasikiliza mwanzo wa wimbo mmoja tu, fidla ikanipendeza, nikaunakili. Ukajaa vizuri mno. Ulikwisha sekunde chache kabla ya ukanda kufika mwisho, nami nikajisifu moyoni.

Maneno sikuyasikiliza. Ulikuwa wimbo wa kumsuta mtu anayetoa kisha akasimanga, anayekupa leo na kesho anaitangazia dunia.

Kwa asiyejua taarabu, huo ni wimbo tu. Lakini fumbo la taarabu halina mwenyewe mpaka apatikane wa kulichukua. Ukumbini, mwanamke huinuka, akasogea kwa mwimbaji na tuzo yake mkononi huku anacheza, na kila aliyeketi huona jicho lake limemwelekea nani. Huyo ndiye anayelielekeza fumbo. Akikaa kitini, mshale haujarushwa. Kwenye kanda hakuna anayeinuka. Wimbo hufika peke yake ndani ya bahasha, na anayeufungua hulazimika kuwaza mwenyewe ni nani aliyesimama na amemtazama nani. Shangazi, aliyetupa redio, aliwaza.

Majibu yalikuja wiki ya tano kupitia sanduku la posta la ofisini kwa baba. Kwa kawaida kanda zake zilianza kwa sauti yake: shikamoo kwa bibi, salamu kwa nyumba nzima, ndipo muziki. Hii haikuwa na salamu. Ilianza wimbo moja kwa moja, wa mtu asiye na shukrani. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mkono ukasimama.

"Rudisha nyuma," akaniambia. Nikarudisha. Akausikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kukuna nazi ambayo nyama yake ilikuwa imeshakwisha.

Mama naye akajibu, maana kwa alivyoona yeye ndiye aliyeanzwa. Zikaenda kanda mbili, zikarudi mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno la mdomo. Baba akasema hayo ni ya mawifi, akajitoa. Aliyeumia ni bibi, mwenye binti upande ule na mkwe upande huu. Aliacha kuuliza kama posta imeleta kitu.

Nilielewa pale shangazi alipouanzisha upande wa kwanza kwa wimbo wetu wenyewe, ule wa fidla, aliounakili na kuturudishia. Mama akasema, "Huu ametoa wapi?" Tumbo likanishika. Usiku ule nikaenda kulia kitandani kwa bibi.

"Mume wangu," akasema akinipapasa kichwa, "kesho utaniwekea hicho chombo niseme."

Bibi hakuwahi kusemea redio. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi nikamwashiria. Akanyamaza. Nikamwashiria tena, akanyamaza tu, ametulia, anasubiri. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu." Alikuwa amempa mwanawe nafasi ya kumwamkia kwanza, kama inavyopasa. Akaendelea hivyo hivyo. Anauliza hali ya wajukuu, ananyamaza muda wa kujibiwa, anaitikia alhamdulillahi, anauliza la pili. Habari ya wimbo aliisema kwa maneno machache: mtoto alijaza nafasi, mama yake hakuwepo, basi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni. Ndipo na yeye alipolijua. Hakunipiga. Alikuja akaketi mkekani, akasema salamu zake kwa sauti iliyokwama, akanipokonya kalamu na kuandika jina la wifi yake kwa mkono wake.

Nikavunja vijino, tukafunga, tukajaza karatasi ya kijani ya forodha.

Safari hii ilichukua wiki saba. Ndani ya bahasha ilikuwemo kanda ileile yetu, nikadhani imekataliwa, imerudishwa. Mama hakutaka kuigusa. Bibi ndiye aliyesema iwekwe.

Nikaigeuza nitazame. Matundu ya vile vijino nilivyovunja yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya plasta, vimekatwa kwa mkasi, vikabanwa sawasawa. Nikabonyeza. Pale mwanzoni, palipokuwa na ukimya wa bibi, ikatoka sauti ya shangazi, karibu kabisa na kipaza sauti:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu redioni, na bibi akajibu mkekani.