Toroli limevunjika tena: kadi saba za mgodi, kuanzia ya saba

Saboteur ni mchezo wa kadi uliobuniwa na Frederic Moyersoen na kutolewa mwaka 2004. Wachezaji ni vibete wa hadithini wanaochimba njia chini ya ardhi, kutoka mlango wa mgodi hadi kwenye kadi tatu zilizolala kifudifudi. Moja ni dhahabu, mbili ni mawe. Na katikati ya wachimbaji huenda yumo mhujumu, asiyejulikana ila na nafsi yake.

Hapa Siongiroi, Kenya, tunaucheza jioni, ng'ombe wakishakamwa. Tuko watano: mimi, shemeji, wapwa wangu wawili na Kogo, nyanya yao, ambaye ndiye mwenye meza, chai na neno la mwisho. Nimezipanga kadi kuanzia dhaifu hadi kali. Anayebisha aje na birika lake tukeshe.

7. Taa iliyovunjika

Ukiwekewa hii mbele yako, huchimbi mpaka taa itengenezwe. Inaudhi, lakini dawa yake haikosekani. Mpwa mdogo huipiga kila anapoipata, kwa furaha, hata kwa mtu wa upande wake. Mwanangu, hiyo ni taa ya ndugu yako!

6. Ramani

Inakuruhusu kuchungulia kadi moja kati ya zile tatu, unairudisha, kisha unatangaza ulichokiona. Shida ni kuaminiwa. Shemeji alichungulia, akasema, "Jiwe." Kogo akamtazama usoni, akauliza, "Jiwe gani hilo linalomfanya mtu ameze mate?"

John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, hakuwa na kadi ya kuchungulia. Alizunguka Tanganyika miaka mingi akitafuta almasi hadi alipoipata Mwadui, karibu na Shinyanga, mwaka 1940. Mwaka 1947 ardhi hiyo ikatoa almasi ya waridi ya karati 54.5, naye akamtunza nayo Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Harusini kwetu tunapeleka sufuria, na hazijawahi kukataliwa.

5. Toroli lililovunjika

Nimeiweka juu ya taa, na wapwa wananipinga kila siku. Sikilizeni, wajukuu wa Kogo: mali isiyotoka shimoni ni mlima tu. Shaba ya Kilembe ilikuwa imelala chini ya Ruwenzori, na ikapata njia ya kutokea reli ilipofika Kasese mwaka 1956. Mabehewa yakaibeba kuvuka Uganda hadi kwenye tanuri la Jinja. Mfugaji wa Siongiroi hahitaji somo hili. Maziwa mazuri kuliko yote, gari likikwama kwenye tope, jioni ni mursik, maziwa ya mgando, upende usipende.

4. Poromoko

Kadi hii hung'oa kipande cha njia kilichokwisha kuwekwa. Mezani tunapiga kelele, tunacheka, tunaanza upya.

Kule Mirerani, Tanzania, hawakuanza upya. Machi 2008 mvua kubwa ilijaza maji mashimo ya tanzanaiti, na makumi ya wachimbaji wakafia humo. Tangu nisome habari zao, nikiipata kadi hii naiweka chini polepole. Kwa hii sina utani.

Kadi isiyokuwemo: Ukuta

Haina namba kwa sababu haimo kwenye kasha, nami ningeitia leo. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliamuru Mirerani izungushiwe ukuta. Jeshi likaujenga, kilomita 24.5, na Aprili 2018 ukazinduliwa. Eneo lote la tanzanaiti likawa ndani, watu na mawe wakawa wanapita langoni. Hebu fikiria kadi ya namna hiyo: huchimbi chochote, huvunji toroli la mtu, unashika mlango tu. Mpwa mkubwa alisema akiipata ataoga kwanza ndipo aicheze.

3. Vipande vya dhahabu

Wachimbaji wakifika kwenye dhahabu, aliyeweka kadi ya mwisho huchagua kwanza. Kuna kipande kimoja, kuna viwili, kuna vitatu. Hapo ndipo udugu hupimwa. Shemeji huhesabu vyake chini ya meza, na Kogo huvihesabu kwa sauti akiwa upande wa pili.

Kenya nayo ina hesabu yake. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi palipochimbwa. Mimi naona 10 ni ndogo kwa mtu ambaye shimo liko nyuma ya jiko lake.

Wa kumpigia makofi ni mchimbaji Saniniu Laizer. Juni 2020 aliiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti, moja zaidi ya kilo 9, jingine zaidi ya kilo 5, kwa shilingi za Tanzania bilioni 7.7. Alipoulizwa kuhusu maisha yake mapya, alisema ataendelea kuchunga ng'ombe wake, ambao ni zaidi ya 2,000. Kogo aliposikia hivyo akaweka kikombe chini: "Huyo alizaliwa Siongiroi, wakamhamisha."

2. Mhujumu

Kwa nini si ya kwanza? Kwa sababu mhujumu wa mezani anafuata kanuni. Anavunja taa, anapindisha njia, lakini kanuni ni zile zile kwa wote.

Kakamega haikuwa hivyo. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kulinda ardhi ya Waafrika: kipande kikichukuliwa, wenyewe wapewe ardhi nyingine. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, wazungu wakamiminika na sururu zao. Kufikia mwisho wa 1932 sheria ikabadilishwa, fidia ikaweza kuwa pesa badala ya ardhi. Wino wa ahadi ulikuwa na miaka miwili tu! Huo ni mkono wa mtu anayebadilisha kanuni baada ya kuona kadi za mwenzake, na mpaka leo unanichoma. Mezani kwetu, anayefanya hivyo hunyimwa chai.

1. Njia iliyonyooka

Ndiyo, hiyo hiyo ya kawaida, isiyo na picha ya kupendeza. Wapwa huidharau kwa kuwa wamezoea karata za kawaida, ambako raha yote ni kupaza sauti "niko kadi!" Lakini dhahabu haijawahi kumfuata mtu aliyekaa.

Ukitoka kwetu ukaingia Transmara utafika Lolgorian, ambako dhahabu imechimbwa tangu ukoloni na bado inachimbwa kwa nyundo na tindo. Jiwe hupandishwa kwa kamba, husagwa, unga huoshwa. Zebaki hushika chembe za dhahabu, kisha moto huifukuza zebaki, na moshi wake ni sumu kwa anayeinamia karai. Hatua kwa hatua, kwa punje inayoweza kupotea kwenye ukucha.

Jumamosi Kogo aliweka njia yake iliyonyooka mahali pa mwisho, tukanyamaza sote. Akageuza kadi. Jiwe.

Shemeji akaruka, "Si niliwaambia!"

"Ulituambia," Kogo akasema, huku akichukua kadi nyingine kwenye rundo. "Zimebaki mbili. Nani ana taa?"