Pesa Unazo, Saa Hupewi

Aka! Leo nasonya hadi meno yaume. Mtu kajikusanya, pesa zake halali mfukoni, kaingia duka la wakala wa Rolex kule Geneva, na bado inabidi abembeleze auziwe. Saa zinametameta kwenye kabati la kioo, lakini akiulizia ile saa yao ya chuma iitwayo Daytona anaambiwa hiyo ya maonyesho tu, andikisha jina, tutakupigia. Tutakupigia! Utadhani kapeleka barua ya kuomba kazi. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Hawakuwahi kukutana na kizuri kinachogoma kuuzwa.

Basi hapo ndipo wajuaji wanapomnong'oneza: nunua kwanza hereni, nunua saa isiyo na wateja, wakuzoee. Jamaa alifuata saa moja, karudi nyumbani na mikufu. Mama watoto anapiga vigelegele, mwenyewe mkono mtupu. Loh! Na akikosa subira akaenda kwa wauzaji wa mitumba, anakuta Daytona iliyokwisha kuvaliwa na kutiwa jasho na mwanaume mwenzake inauzwa ghali kuliko mpya. Mtumba kuizidi bei mpya, jamani, mmewahi kuona?

Lakini tusiwalaumu sana wanunuzi, uchawi huu una fundi wake. Hans Wilsdorf, Mjerumani aliyeanzia biashara London mwaka 1905 na shemeji yake Alfred Davis, alilisajili jina la Rolex mwaka 1908, kisha akahamishia mambo Geneva. Mwaka 1926 akatoa Oyster, saa isiyopenywa na maji. Nani atasadiki? Mwaka uliofuata dada mmoja, Mercedes Gleitze, akajitosa kuogelea mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, saa ya Wilsdorf ikining'inia shingoni. Oktoba ile, maji barafu tupu! Baada ya saa zaidi ya kumi wakamvuta chomboni hoi, hajafika ng'ambo. Saa je? Inatembea kama kawaida. Wilsdorf akalipia ukurasa wa mbele mzima wa Daily Mail kuitangaza. Binadamu kashindwa, chuma kimeshinda, na watu wakakimbilia kununua chuma. Yarabi!

Haya, wewe ambaye sikio la kufa halisikii dawa, angalau anza na Oyster Perpetual au Datejust, za chuma. Daytona waachie wenye presha zao. Ukiangukia mtumba, dai kadi ya dhamana na uhakikishe namba yake ndiyo iliyochongwa kwenye saa. Kwenye saa za miaka hii, kwenye kioo chenyewe, penye alama ya 6, kuna kitaji kidogo mno kilichochongwa. Utakodoa macho hadi yatoke machozi. Ukikiona usishangilie, mafundi wa feki nao wana macho. Mwisho wa ubishi ni fundi anayejua kazi, aifungue aangalie matumbo. Na kile kitufe cha pembeni, ukishaseti saa, kisukume ukikaze hadi mwisho; ukikiacha wazi ukaingia nayo baharini, usimtafute Mercedes.

Na kichekesho chenyewe hakijafika. Saa hii hujijaza kwa mtikisiko wa mkono; iache mezani, nyingi za siku hizi zinasimama baada ya saa 70 hivi. Sasa tajiri akishaipata anaogopa vibaka, anaifungia kwenye sefu. Ikizimika roho inamuuma, kwa hiyo ananunua mashine ya umeme ya kuizungusha humo gizani, usiku na mchana, isisimame, na wala haivaliwi! Yeye yuko sebuleni, mkono mweupe, mkewe akimuuliza saa ngapi anapapasa mfukoni kutafuta simu.