Chipo za Elfu Nane

Wacha nikuambie, na usicheke. Kibanda changu cha chipo hapa Free Area kimekaa miaka mitatu bila jina. Watu husema tu "pale kwa yule". Nakuru yenyewe imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na mimi bado ni "yule"? Nikaenda tao kwa kijana wa mabango. Andika BOSI CHIPO, nikamwambia. Chini yake, MKOPO MWIKO. Kazi ya dakika tano.

Akauliza nataka fonti gani. Yoyote, bora isiongeze bei. Akasema anayo moja kali, ya retro. Nilidhani Retro ni jina la mwenyewe. Kumbe ni zile namba za Casio F-91W, ile saa ya 1989 ambayo mjomba alikuwa anatutajia saa nayo bila kuulizwa. Namba za kalkuleta. Za pampu ya petroli. Za mita ya tokeni. Vijiti saba kama vya kiberiti, vitatu vimelala, vinne vimesimama. Washa vyote, ni 8. Zima cha katikati, ni 0. Nikaona hapa nimefika. Nikalipa.

Sasa hebu andika jina langu na hivyo vijiti. B ni 8. O ni 0. S na 5 ni mapacha. I ni 1. Soma bango: 8051. Mteja wa kwanza akatoa simu, "Mzee, hii ndiyo tili?" Wa pili akashangaa chipo gani hizo za bei hiyo. Makonda wa stage wameshanibatiza: Elfu Nane.

Hiyo ni afadhali. M, K na W zinataka vijiti vya mshazari, na kwa hivyo saba hakuna hata kimoja. Ati ziko fonti za vijiti kumi na vinne ambazo zinaziweza. Kijana aliniambia hayo akishakula pesa. Basi K yangu ni H iliyovunjika mguu. W ni U. M siitaji. Mstari mzima unakaa ua la mbao lililogongwa na ng'ombe, hakuna anayeusoma, kwa hivyo wanakopa! "Mzee, si ungeandika?" Nikawasomea kwa kidole, herufi kwa herufi. Nikakwama ya pili.

Na nilikuwa nimeonywa. Kalkuleta yangu kijiti cha juu kilikufa, pale kwa namba ya kwanza, 7 ikawa 1. Mtu amebeba kuku mzima na chipo za familia, za 700, akanipa elfu, nikamrudishia mia tisa. Alinibariki huyo, mpaka akanishika kichwa.

Jana lori la viazi vya shangi kutoka Molo limenipita mara tatu. Nikapigia dereva, uko wapi wewe?

"Bosi, nimepotea. Nimesimama hapa kwa 8051, nielekeze."