Namna Bora ya Kutoyaona Matokeo ya Kidato cha Nne

Baraza la Mitihani (NECTA) likishatangaza matokeo, mwishoni mwa Januari hivi, Kibakwe nzima inainamia simu. Mwongozo huu ni wa mzazi wa Kibakwe, Wota au Rudi ambaye hataki kumlipa kijana wa steshenari na ana bando la kuchezea.

Anza kwa adabu. Kisanduku cha kutafutia hakikujui, kwa hiyo jitambulishe: "Mbukwenyi, naomba matokeo ya binti yangu wa pili, yule mpole, anasoma Kibakwe Sekondari." Ukieleza kwa kirefu utaletewa vingi: mahubiri, bei ya vitunguu, hata hotuba ya mbunge. Watakaokwambia kwamba "NECTA matokeo kidato cha nne" na mwaka vinatosha ni wachoyo wa maneno.

Katika majibu, chagua tovuti iliyoandika HAYA HAPA kwa herufi kubwa na yenye matangazo yanayorukaruka. Anuani inayoishia na go.tz iruke, haina hata picha ya kuvutia.

Ukiangukia kwenye tovuti ya NECTA kwa bahati mbaya, juu ya orodha ya shule utaona safu ya herufi. Ukibonyeza K zitabaki shule za K tu, na raha yote itakuwa imekwisha. Teremka kwa kidole kuanzia A, uisalimie Tanzania shule kwa shule. Mtandao ukikatika umefika J, panda mwinuko kidogo, uanze upya.

Sasa umefungua shule yenyewe. Andika jina la mtoto kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya ukurasa. Halipo. Andika la ukoo, kisha la ubatizo, kisha lile analoitwa na bibi yake. Yote hayapo, kwa sababu matokeo ya kidato cha nne hutolewa kwa namba, jinsia, pointi, daraja na masomo, jina halimo. Hili usimwambie jirani. Mwache naye atafute.

Namba ya mtihani, ile inayoanza na S (P kwa watahiniwa wa kujitegemea), ikifuatiwa na namba ya shule, mkwaju na tarakimu nne za mtahiniwa, iache nyuma ya daftari la Jiografia alikoiandika mwenyewe. Akikutajia kwamba yeye ni 0017, andika 17 tupu. Ukurasa utakuonyesha kila 17 iliyomo, zikiwemo pointi 17 za mtoto wa watu. Ungeandika /0017 ungetua kwenye mstari mmoja tu, na huo mmoja unaweza kuwa na habari usizozitaka.

Pointi zisome utakavyo. Kwa utaratibu wao, 7 hadi 17 ni daraja la kwanza na 34 hadi 35 ni sifuri. Lakini mzee aliyezoea mnada wa ng'ombe ana haki ya kushangilia namba kubwa.

Baadaye TAMISEMI watatoa majina ya waliochaguliwa kidato cha tano, yamepangwa kwa mkoa, halmashauri, kisha shule waliyotoka. Huko majina yapo, tena kamili. Kwa hiyo siku hiyo ndipo uitoe ile namba nyuma ya daftari, uitafute hiyo.