Chama cha Wenda Mbio

Kidole kimoja, tena cha shahada, cha binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wangu, ndicho kilichoisukuma betri ya motokaa yangu mbele ya kadamnasi ya watu wenye motokaa za thamani. Nayo betri, iliyostahimili kwa miaka mashimo yote yaliyopo baina ya Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, na Likasi bila ya kunung'unika, ikaona kuwa siku hiyo, saa hiyo na mbele ya watu hao ndipo pa kutikisika.

"Papa," akauliza yule binti kwa Kiswahili chetu safi cha Katanga, maana mama yake, kama nilivyoarifiwa baadaye na mtu asiyejua kunyamaza, alizaliwa Kolwezi, "hii batri mulifunga na nini?"

Nilimjibu kwa taadhima kuwa nimeifunga kwa mpira.

"Mpira gani, Papa?"

Mpira wa ndani wa baiskeli. Akaandika. Lau angalicheka ningalimsamehe, kwani kicheko ni jambo la kibinadamu na huisha. Lakini aliandika, kwa mwandiko mzuri uliosomeka na kila aliyesimama nyuma yake, na waliosimama nyuma yake hawakuwa wachache.

Sikwenda uwanjani huko kushindana, na jambo hili napenda lifahamike vema, kwa sababu Kapata nzima sasa yasema kuwa nilikwenda kwenye mashindano nikashindwa kabla ya kuanza. Siku za uwanjani kama hiyo hazina mshindi wala kikombe. Watu wenye motokaa za nguvu hujiunga katika chama, chama hukodi uwanja wa mbio kwa siku moja, na kila mwanachama, baada ya kulipa ada na kukaguliwa, hupewa nafasi ya kwenda kwa kasi yote ambayo moyo wake wamtuma, mahali ambapo hapana mbuzi, hapana mtoto atokaye shule, wala hapana manseba aliyepakia watu watatu na godoro kwenye pikipiki moja. Ulaya jambo hili ni la kale: uwanja wa Nürburgring wa Ujerumani ulifunguliwa mwaka 1927, na mzunguko wake mkubwa, wa kilomita zipatazo 20, mpaka leo mtu yeyote mwenye leseni na nauli aweza kuuzunguka katika siku zilizotengwa. Afrika ya Kusini wana Kyalami tangu 1961. Sisi wa Lualaba tuna shaba. Kwa hiyo mtu wa Kapata aliyepatwa na maradhi ya mwendo hana budi kuvuka Kasumbalesa kwenda Zambia kutafuta chama, na vyama nilivyotajiwa vilikuwa vitatu, nami nilikwenda kuchagua. Kwamba chama nacho huchagua, hakuna aliyenidokeza.

Kuvuka mpaka kwenyewe kulinipa furaha ambayo sikuitarajia. Motokaa yangu ni Toyota iliyotoka Japani, usukani wake uko mkono wa kuume, ilhali Kongo hupita mkono wa kuume wa barabara. Basi mimi hukaa upande wa mtaro, na nikitaka kulipita lori ni lazima mke wangu, aliyekaa upande wa barabara, atoe kichwa dirishani atazame mbele kisha aseme ama "Pita" ama "Ngoja", na uhai wetu sote umeegemea maneno hayo mawili. Tulipoingia Zambia, ambako watu hupita kushoto, usukani ukajikuta mahali pake, nikaona barabara kwa macho yangu mwenyewe, na mke wangu akavuliwa cheo. Hakufurahi. Walakini heshima yake ilirejeshwa uwanjani, katika darasa la asubuhi, tulipofundishwa kuwa ni haramu kumpita mtu mpaka yeye aliye mbele akunyooshee mkono kukuonyesha upande wa kupitia; mke wangu akanigeukia, akasema kwa sauti ya kusikika hata viti vya nyuma kuwa kumbe wazungu wameunda sheria nzima kwa ajili ya kazi aifanyayo yeye bila ya malipo.

Baada ya darasa ndipo ukaguzi, na katika ukaguzi, baada ya betri, ikaja amri ya kutoa motokaani kila kitu ambacho hakikufungwa. Sababu yake ni ya haki: motokaa ikikata kona kwa nguvu, spana iliyo chini ya kiti hupaa. Lakini sisi hatuichukulii motokaa kuwa kiti cha kukalia tu. Ni ghala, ni sanduku la matibabu, ni bima. Basi mbele ya kadamnasi ile ile, juu ya turubai jeupe walilolitandika wenyewe kwa ajili hiyo, nikaweka mfuko wa unga wa bukari, dumu la maji ya rejeta, dumu la mafuta, kiatu kimoja cha mtoto ambacho mwenziwe tulimtafuta sana, mwavuli, jeki, kamba ya kuvutia, na hatimaye jiwe. Breki ya mkono ya motokaa yangu ni ya heshima zaidi kuliko ya kazi, kwa hiyo hupenda kulizuia gurudumu kwa jiwe, na jiwe lenyewe nililiokota karibu na nyumbani, rangi yake kijani cha kupendeza.

Hapo mmoja wa wenye motokaa, mtu wa migodini kama nilivyotambua upesi, akaacha kutazama motokaa yangu, akainama, akalitemea jiwe mate, akalisugua kwa kidole gumba na kulielekeza juani. Akatangaza kuwa ni malakiti, tena nzuri. Wakaja wengine. Jiwe langu likapokelewa na mikono zaidi ya mitano, likasifiwa uzito wake, likakisiwa kiasi cha shaba kilichomo, na mtu mmoja aliyevaa miwani akaniuliza, kwa upole wa hakimu, kama lilivuka mpaka kwa kibali cha madini. Nilisema kuwa lilivuka kama breki. Watu walicheka sana, nami nikacheka nao, ila cheko langu lilikuwa na tahadhari, kwani niliwaza njia ya kurudi na maofisa wa forodha. Katika mali zote nilizoziweka juu ya turubai lile, hicho ndicho kitu pekee walichokitamani.

Kofia nayo ilikataliwa. Nilikuwa nimeazima ya manseba mmoja, mwana wa ndugu yangu, yenye nembo ya TP Mazembe. Nikaelezwa kuwa kofia ya pikipiki si kofia ya motokaa, na kwamba wakfu wa Snell wa Marekani, ulioundwa mwaka 1957 kwa kumbukumbu ya dereva wa mbio aliyekufa ajalini mwaka mmoja kabla, hutofautisha kofia zenye alama ya M, za pikipiki, na zenye alama ya SA, za motokaa, ambazo bitana yake haishiki moto upesi na ambazo hujaribiwa kwa kugonga nondo za chuma zinazomzunguka dereva. Niliuliza kama moto wa pikipiki hauchomi. Binti akaandika.

Mpaka hapa nilikuwa na hasira tupu. Ila fomu aliyokuwa akiijaza binti ilikuwa na mstari mmoja ulionitoa katika hasira na kunitia katika mshangao, nao uliuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Nilidhani mafuta ya breki huongezwa, hayabadilishwi. Binti aliweka kalamu chini akanifahamisha, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafahamisha watu wa Kapata hata baadhi yao hunikimbia. Mtu akanyagapo breki, nguvu ya mwendo haitoweki bali hugeuka joto. Na mwendo ukizidi maradufu nguvu hiyo huzidi mara nne, hata motokaa iendayo kilomita 120 kwa saa ina nguvu ya kuzimwa mara nne ya ile iendayo 60. Joto hilo huingia katika diski na pedi, na sehemu yake ikapita katika pistoni mpaka katika mafuta yenyewe. Na mafuta haya yana tabia moja ya ajabu: hupenda maji. Huyanywa kutoka hewani, kidogo kidogo, hata kupitia ngozi ya mipira yanamopita, mwaka baada ya mwaka, nawe hujui. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishalewa maji kiwango chake hushuka mpaka 140. Ya DOT 4 huanza na 230 yakashuka mpaka 155. Yakichemka huzaa mapovu ya mvuke, na ilhali maji hayakubali kubanwa, mvuke hukubali kwa ukarimu mkubwa, basi dereva hukanyaga, mguu ukaenda mpaka sakafuni bila ya upinzani, na motokaa ikaendelea na safari yake. Kumbe wale madereva wa malori ambao tangu utotoni nasikia wakisema kuwa breki "zilikataa" mteremkoni hawakuwa wakisingizia!

Na tairi nalo lina elimu yake. Tairi limejaliwa akiba moja tu ya kushika ardhi, mithili ya mshahara wa mfanyakazi wa mgodini: aliyeumaliza kwa kodi ya nyumba hana wa kununulia unga. Anayekanyaga breki kwa nguvu zote hajabakiza kitu cha kukatia kona, na kwa sababu hiyo hutakiwa amalize breki motokaa ingali imenyooka, kisha ageuze usukani, kisha, akishaipita ncha ya ndani ya kona, ndipo akanyage mafuta. Nilijiona tayari kabisa kuyatenda haya yote.

Sikuruhusiwa. Niliwakumbusha kuwa Joginder Singh wa Kenya aliichukua Safari Rally ya mwaka 1965 kwa Volvo kuukuu iliyokwisha tumiwa na wengine, nao wakasema kwa adabu kuwa Volvo ile bila ya shaka ilikuwa na betri iliyofungwa kwa chuma. Nikakaa kivulini na mke wangu, na unga wetu, na jiwe letu.

Kutoka kivulini hapo niliiona motokaa moja ya umeme, isiyo na mlio ila wa matairi, ikikaguliwa kwa muda mfupi na kupita. Betri yake, niliambiwa, ina uzito wa mamia ya kilo na imefungwa kwa bolti chini ya sakafu, haitikisiki hata ukileta kidole cha jitu. Betri za namna hiyo aghalabu zina kobalti, na sehemu kubwa mno ya kobalti ya dunia, kama asilimia 70, huchimbwa Kongo, kwetu, mahali ambapo mwaka 2014 mtu wa mtaa wa Kasulo alichimba shimo uani kwake akakuta mali, na muda haukupita watu wakawa wanachimba chini ya vitanda vyao. Kobalti ya kwetu ilipita ukaguzi. Mtu wa kwetu akabakizwa kivulini.

Nami sina ugomvi na ukaguzi. Ugomvi wangu ni kuwa ukaguzi huu wote, wa nati za magurudumu, wa mafuta ya breki, wa spana iliyo chini ya kiti, wa kofia kwa herufi zake, umewekwa kuwalinda watu waliokwenda kucheza, katika uwanja uliozungushiwa ukuta, wenye gari la wagonjwa linalosubiri tangu asubuhi. Ilhali katika barabara itokayo Kolwezi, wanakopita mama zetu na watoto wetu kwa sababu hawana pengine pa kupita, malori ya shaba na ya asidi hushuka vilima usiku na mchana, na mwenye kuyasimamisha aghalabu hutaka kuona risiti, hataki kuona breki. Februari 2019, katika barabara hiyo ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la asidi ya sulfuriki liligongana na basi, na watu wasiopungua 18 walikufa, wengine kwa kuunguzwa na asidi. Hapakuwa na bendera ya manjano, ile ya uwanjani ya kuonya hatari. Jambo hili sikuweza kulicheka kivulini pale, na sasa pia siwezi.

Ama vile vyama vitatu, cha kwanza ndicho kilichonikataa, na cha pili hakipokei ila motokaa za Kijerumani. Cha tatu humweka mwalimu kando ya kila mgeni, nacho ndicho nilichokichagua, baada ya mke wangu kuuliza kama mwalimu huyo hulipwa na kujibiwa kuwa hulipwa.

Betri imefungwa kwa chuma na fundi wa Kapata, mafuta ya breki ni mapya, ya DOT 4, na jiwe limerudishwa lilikotoka bila ya maswali ya forodha. Iliyobaki ni kofia. Msomaji mwenye kofia ya alama ya SA, ya kichwa kikubwa, asiyeihitaji kabla ya mvua kuanza, namwomba aniazime. Nitaifuata mwenyewe popote ilipo upande huu wa Likasi.