Matope Yanayojua Kusoma

Nchini Kenya trela haina injini wala usukani, lakini Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaihesabu kama mtu mzima: isajiliwe kivyake, ipewe namba yake (huanza na herufi Z), na kibao kionekane wazi. Kichwa kina namba yake, mkia una yake. Vyema.

Ila hebu fuata malori ya barabara ya Mombasa. Kaulimbiu “Usione Wivu” nyuma ya trela imepakwa rangi mpya, inasomeka toka mbali. Kibao cha Z kimezibwa matope, kiangazi na masika. Matope hayo yamesoma kweli: hayagusi herufi nyingine yoyote. Basi shahidi akiulizwa namba ya trela iliyogonga mkokoteni ikatoroka, atajibu bila kusita: “Usione Wivu, afande.”